Nani Aliyeishi Vizuri? Furaha, Muda na Ujirani Pembezoni mwa Dar es Salaam

Mhadhara uliotolewa Temeke mbele ya wakazi, walimu na viongozi wa mitaa

     

Nawashukuru walioniita kuzungumzia furaha na maisha mema. Waliniomba nisizungumze kama niko darasani, nami nimekubali. Lakini vitabu sikuviacha nyumbani. Watu walioviandika walikuwa wakijiuliza swali lile lile linaloulizwa Tandika na Mwananyamala usiku, taa ikishazimwa na watoto wamelala: hivi haya ninayoishi ndiyo maisha yenyewe?

Nimekuja na lengo moja. Nataka kuonyesha kwamba furaha ya mkazi wa Temeke au Kinondoni inategemea sana ana nani wa kumtegemea, na nani anamtegemea yeye. Mambo hayo mawili yanataka muda na yanataka mahali, na mji wetu kadiri unavyopanuka unavila vyote viwili. Ndiyo maana nasema maisha mema yanahusu sala na tabia, na papo hapo yanahusu barabara, ramani ya viwanja, na saa ambayo baba au mama anaingia nyumbani.

Hoja ya kwanza: Swali la ngazi

Mwezi Machi mwaka 2017 ripoti ya dunia kuhusu furaha, iliyoanza kutolewa mwaka 2012, iliiweka Tanzania nafasi ya 153 kati ya nchi 155. Nyuma yetu walibaki Burundi na Jamhuri ya Afrika ya Kati tu. Wengi walikasirika. Walisema hao watafiti hawatujui; wangefika Mbagala Jumamosi jioni wakasikia shughuli zinavyorindima mtaa hadi mtaa, wangetuweka juu kabisa.

Tuangalie kwanza waliuliza nini. Anayehojiwa huambiwa afikirie ngazi yenye vipandio kuanzia sifuri chini hadi kumi juu. Kile cha juu ni maisha bora kuliko yote anayoweza kuyapata, cha chini ni maisha mabaya kuliko yote. Kisha anaulizwa: leo hii unajiona umesimama kipandio gani? Swali hili lilibuniwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Hadley Cantril, miaka ya 1960, na kwa kawaida huulizwa watu wapatao 1,000 katika kila nchi. Hakuna anayeulizwa kama anacheka, wala kama anacheza ngoma vizuri.

Basi mama wa Yombo anayenunua maji kwa dumu, mwenye mtoto darasa la pili anayekaa sakafuni, na mume ambaye kazi hupata leo akakosa kesho, akisema yuko kipandio cha tatu, hajaitukana nchi yake. Amejibu kwa haki. Naomba tumsikilize, tusimfunike kwa kelele za muziki.

Hapa nataka niseme waziwazi. Yapo mazungumzo yanayosifu umaskini wetu, kwamba hatuna kitu lakini tuna furaha. Yanasemwa na wageni wanaopita, na siku hizi yanasemwa hata na wenzetu wanaoishi kwenye nyumba zenye visima na jenereta. Mimi nayaona ni matusi. Mwalimu Nyerere alipoutaja umaskini pamoja na ujinga na maradhi kuwa maadui wa taifa, alijua anasema nini. Mtoto akifa kwa kuhara kwa sababu mfereji wa maji machafu unapita mlangoni, mama yake hafarijiki kwa kuambiwa Waafrika ni watu wachangamfu.

Hata hivyo, ripoti ile ile ina sehemu ambayo haikusomwa vijiweni. Watafiti wake hueleza tofauti kati ya nchi na nchi kwa mambo sita: kipato, miaka ya kuishi na afya, uhuru wa kuchagua, ukarimu, kiasi cha rushwa, na kama mtu ana ndugu au rafiki wa kumtegemea akipatwa na shida. Jambo hili la mwisho lina uzito mkubwa. Wamefika kwa takwimu mahali ambapo wahenga walifika kwa kusema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mimi nitaanzia hapo.

Hoja ya pili: Maisha mema hushuhudiwa na wengine

Herodotus, mwanahistoria wa Wagiriki, anasimulia juu ya Croesus, mfalme wa Lydia, nchi iliyokuwa katika eneo ambalo leo ni Uturuki. Utajiri wake ulikuwa gumzo. Alitembelewa na Solon, mtunga sheria wa Athens, akaamuru aonyeshwe hazina yote, kisha akamwuliza: katika watu wote uliowaona duniani, nani mwenye heri kuliko wengine? Alitegemea kusikia jina lake. Solon akamtaja Tellus. Tellus alikuwa nani? Raia wa kawaida wa Athens. Aliishi mji ukiwa katika hali nzuri, akapata watoto wema, akaona wajukuu, akafa akiupigania mji wake, na wenzake wakamzika kwa heshima pale pale alipoanguka. Croesus alichukia. Baadaye Waajemi walimpindua, ndipo maneno ya mgeni wake yakamrudia.

Nimesoma kisa hiki miaka mingi, na kila nikifika pale kwenye mazishi nawaza vitongoji vyetu. Solon hakumwuliza Tellus anajisikiaje. Aliangalia maisha yake yalivyofungamana na ya wengine, na wengine walifanya nini alipoondoka.

Hatuhitaji kwenda Athens kumtafuta mtu wa namna hiyo. Mkitoka hapa mkashika Barabara ya Kilwa mtapita kituo cha Mtoni kwa Aziz Ally. Makondakta wanaliita jina hilo kutwa nzima, na sina hakika vijana wanaolisikia wanajua ni jina la mtu. Mwanawe, Dossa Aziz, alikuwa mmoja wa waasisi 17 wa TANU tarehe 7 Julai 1954, na ndiye aliyekitolea chama gari lake wakati chama hakina kitu. Gari la mtu mmoja likawa la watu wote. Sijui ngazi gani ya vipandio kumi ingeweza kupima kitendo kile.

Sasa nishuke kwa mtu asiyetajwa popote. Niliwahi kukaa mezani kwenye msiba mmoja huko Mtoni, kazi yangu ikiwa kuandika rambirambi. Marehemu alikuwa fundi cherehani, mpangaji wa chumba kimoja. Turubai lilifungwa likaziba nusu ya barabara. Wanaume kwenye viti vya plastiki vya kukodi, wanawake uani na ndani kwenye mikeka, moshi wa kuni unaingia mpaka barazani. Mbele yangu daftari la mistari la mtoto wa shule, kurasa za mwanzo zina hesabu za kugawanya, na kalamu imefungwa kwa uzi wa cherehani. Jina, kiasi. Elfu mbili. Elfu tano. Muuza mkaa, elfu kumi. Katikati ya ukurasa nikaandika: mchele kilo mbili. Chini yake: maji, madumu manne. Kijana mmoja akainama akaniambia nisiandike kitu mbele ya jina lake, yeye anakwenda kuchimba kaburi. Nikamwandika hivyo hivyo: kaburi.

Mama mmoja alifika na gauni ambalo halijakatwa, kitambaa tu na vipimo vyake vimeandikwa kwa chaki. Alikuwa amemlipa marehemu nusu. Hakuja kudai kitambaa wala fedha. Alikuja kulipa nusu iliyobaki, akasema ile ni haki ya watoto.

Fundi yule hakuacha kiwanja wala akaunti ya benki. Nikiulizwa kama aliishi vizuri, nitamleta mwulizaji alisome daftari lile.

Nasikia mtu anasema, Mwalimu, hiyo ni furaha ya marehemu, sisi tunataka ya walio hai. Ni kweli kabisa. Lakini daftari lile halikuandikwa siku moja. Kila jina lililomo lilianzia kwenye suruali iliyopunguzwa bure wakati wa kufungua shule, au kwenye salamu ya asubuhi isiyokosekana. Yule bwana alikuwa akiishi ndani ya daftari lile miaka yote, na naamini alikuwa akilijua.

Aristotle, mwanafalsafa aliyeandika zaidi ya karne mbili baada ya zama za Solon, alipotunga kitabu chake juu ya maadili alikigawa katika sehemu kumi, na sehemu mbili nzima akaziweka kwa ajili ya urafiki. Alishikilia kwamba hakuna ambaye angechagua kuishi peke yake hata akipewa mema yote ya dunia. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kweli, aliongeza kwamba mali kiasi, afya na usalama vinahitajika pia, kwa sababu ni vigumu kutenda mema mikono ikiwa mitupu. Ndiyo maana nilianza na maji ya mama wa Yombo kabla ya kufika kwenye msiba wa Mtoni. Mpangilio huo haubadiliki.

Hoja ya tatu: Ujirani unataka saa

Katika sehemu zile mbili za urafiki Aristotle anakumbusha msemo wa watu wa kwao, kwamba watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja. Chumvi huliwa kidogo kidogo, chakula baada ya chakula. Hakuna njia ya kuifupisha.

Tuitazame saa ya mkazi wa pembezoni. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wetu. Sensa ya 2022 ilikuta 5,383,728, na kati yao Temeke peke yake ina 1,346,674 na Kinondoni 982,328, hata baada ya Kigamboni na Ubungo kuwa wilaya zinazojitegemea. Watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi. Hawakwenda Upanga. Wengi wao walifuata kiwanja wanachokimudu, huku Chamazi na Toangoma, na upande wa pili Bunju, Wazo na Mabwepande. Lakini kazi haikuwafuata. Imebaki Kariakoo, Posta, bandarini na viwandani.

Wengi wenu mnaijua Rangi Tatu ya alfajiri, pale kituoni Mbagala, sina haja ya kuieleza kwa urefu. Giza halijaondoka, gari halijasimama, kijana ameshapitisha mguu dirishani, mama mwenye beseni amebaki nyuma. Anayeishi Zakhem, ambaye kwa haki yuko karibu zaidi na mjini, hupanda gari linalokwenda Rangi Tatu, akageuza nalo, akalipa nauli mara mbili ili apate siti. Huyu ananunua nusu saa ya kusinzia. Jioni ni hivyo hivyo kwa upande wa pili. Akifika nyumbani watoto wamelala, akiondoka hawajaamka. Nimezungumza na baba anayewajua wanawe kwa sura ya Jumapili.

Mtu wa namna hii atakula chumvi na nani?

Historia ya fikra ina watu waliolijibu swali hili kwa kuondoka. Imam Al-Ghazali alikuwa na cheo kikubwa cha ualimu Baghdad, katika chuo cha Nizamiyya, akakiacha mwaka 1095 alipoona heshima ile inamtenga na Mola wake na nafsi yake. Baadaye akaandika juu ya kimia ya furaha, akaweka mwanzo wake katika mtu kujijua mwenyewe. Kwetu sisi, Shaaban Robert alimchora Utubora, katika riwaya iliyotoka mwaka 1968 baada ya mwandishi kufariki: kijana mwenye kazi nzuri Unguja, anaiacha, anarudi kijijini kulima, na hapo ndipo anapopata utulivu.

Nawaheshimu wote wawili. Lakini ningekuwa mdanganyifu nikimwambia mkazi wa Charambe afanye kama Utubora. Shamba la babu limeshagawanywa mara tatu, na watoto wanasoma hapa. Anayeweza kuiacha kazi akatafute utulivu ni mwenye akiba. Wengine wote tunapaswa kuupata utulivu huo tukiwa ndani ya mji, na kwa sababu hiyo mji wenyewe lazima ubadilike.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mafuriko ya Desemba 2011. Bonde la Msimbazi lilifurika, watu wakapoteza maisha na nyumba, na serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande, kilomita zaidi ya 30 kutoka katikati ya mji. Nia ilikuwa njema. Ardhi ile haifuriki, kiwanja ni cha mtu mwenyewe. Lakini wapo waliorudi bondeni, na wapo waliowashangaa na kuwaita wajinga. Mimi siwaiti hivyo. Jangwani, kule bondeni, palikuwa na matope, na palikuwa na mteja wa chapati, na jirani wa kumwachia mtoto, na duka linalokopesha unga, na hospitali unayoweza kuifikia kwa miguu. Mabwepande ya siku zile ilikuwa na hewa safi na ukimya. Mtu alipewa ardhi akanyang'anywa watu. Ukitaka kumhamisha mtu salama, hamisha na mtaa wake.

Hoja ya nne: Ukuta, baraza na mzigo wa akina mama

Hapa nitakwenda taratibu, maana najua nitawagusa wengi.

Nyumba ya Kiswahili ya Magomeni au Temeke ya zamani mnaikumbuka: ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, uani jiko, choo na kamba ya nguo, mbele baraza. Wapangaji sita, mita moja ya luku, bomba moja. Watoto walilelewa na ukumbi mzima. Leo anayefanikiwa anajenga Bunju au Kijichi, na kitu anachokiwahi hata kabla ya kupaua ni ukuta, geti, na vipande vya chupa juu yake. Ningeweza kusema ukuta huo ni ubinafsi nikapata makofi. Lakini nimewauliza waliojenga kuta, na wana majibu.

Mmoja, mama wa makamo, aliniambia hivi: Mwalimu, niliishi ukumbi ule miaka mingi, nikipika samaki mtaa unajua, nikigombana na mume wangu mtaa unajua, binti yangu akichelewa kurudi ameshapewa jina. Mwingine aliniambia kilichomtoa ni michango. Harusi, kitchen party, send-off, kipaimara, hitima, mtoto wa mwenyekiti wa kikundi amefaulu. Kadi inaletwa na jina lako limeshaandikwa na kiasi kimependekezwa. Ukishindwa, ahadi yako inasomwa kwenye kundi la WhatsApp mbele ya watu 80. Wapo wanaokwenda kukopa ile mikopo inayoitwa kausha damu ili wasiaibike kwenye sherehe ya mtu mwingine. Wanachukuliwa kitanda, wanachukuliwa televisheni, kwa sababu ya sare ya kitenge.

Na ujirani ninaousifu jioni hii, nani anaubeba? Rudini kwenye msiba wa Mtoni. Wanaume tulikaa. Aliyewahi sokoni alfajiri, akachambua mchele kilo kwa kilo, akakuna nazi, akaosha sufuria usiku wa manane, kisha asubuhi akafungua genge lake, alikuwa mwanamke. Mtafiti akija kumwuliza kama ana wa kumtegemea, yeye ndiye anayetegemewa na mtaa mzima, na amechoka.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema turudi ukumbini kama zamani. Mtu ana haki ya mlango unaofungwa. Mtu ana haki ya kusema mwezi huu sina, na asionekane mbaya. Ninachokitetea ni ujirani ambao mtu anaweza kugonga akafunguliwa, na anaweza pia kukaa kimya asichukuliwe kuwa anaringa. Vikoba vingi vya Temeke vimeshaonyesha njia: fedha ya kijamii inawekwa kidogo kila wiki, kiasi ni kile kile kwa wote, na mwenye msiba au mgonjwa anapewa kwa kanuni iliyoandikwa, bila kuombewa na bila kusimangwa. Akina mama hao hawakusoma Aristotle. Wamelitatua kwa daftari na sanduku la kufuli tatu jambo ambalo sisi wasomi tunalizungumza kwa saa nzima.

Kwa wanaume niliowaona wanatabasamu: kazi ya msibani igawanywe. Mikono ya kukuna nazi haina jinsia.

Hoja ya tano: Kutegemewa

Hii nitaipitia kwa haraka, Mwenyekiti ameshaangalia saa.

Euphrase Kezilahabi, aliyefariki hapa Dar es Salaam Januari 2020, alituachia mwaka 1974 riwaya ya Kichwamaji. Kazimoto, mhusika wake mkuu, ni kijana msomi. Anafikiri sana, na mwishowe anajitoa uhai kwa sababu haoni maana ya kuendelea. Nimeifundisha riwaya hiyo kwa vijana wengi, na siku hizi hawanicheki ninapowaambia Kazimoto yuko mtaani kwao.

Tunawapa vijana mawaidha kwamba wawe na matumaini. Nadhani wanahitaji kitu kilicho karibu zaidi, nacho ni kuhitajiwa. Katika mtaa mmoja wa Kijichi kulikuwa na kijiwe ambacho wazazi walikipita wakiwa wameshika mikoba kwa nguvu. Wizi ulipozidi, mjumbe mmoja mwenye hekima aliwaendea vijana wale wale akawaomba waingie kwenye ulinzi shirikishi. Walipewa tochi, filimbi, na orodha ya wagonjwa na wajane wa mtaa ambao nyumba zao zipitiwe kwanza. Nilizungumza na mmoja wao. Hakuniambia habari za posho, ambayo ilikuwa ndogo na haikufika kila mwezi. Aliniambia kuna bibi ambaye halali mpaka asikie filimbi yake. Alisema hivyo akiwa amenyooka, na akataka niandike.

Tunakokwenda

Mwezi Julai 2025 taifa lilizindua Dira ya Maendeleo ya 2050, na malengo yake ya uchumi ni makubwa: pato la taifa la dola trilioni moja, na wastani wa dola 7,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Nayaunga mkono. Nimeshasema umaskini ni adui. Lakini mtoto aliyezaliwa wiki hii hospitali ya Temeke atakuwa mtu mzima ifikapo 2050, na mimi nauliza atakuwa anaishi Chamazi ya namna gani.

Basi nina maombi kwa mlioko humu wenye mamlaka. Kwanza, kila dakika ambayo mwendokasi wa Barabara ya Kilwa na wa Barabara ya Bagamoyo utaiokoa ihesabiwe kuwa faida ya taifa, sawa na shilingi. Mhandisi anayepunguza safari ya Rangi Tatu kwa saa moja kwa siku amewarudishia watoto wazazi wao.

Pili, urasimishaji wa makazi unaendelea katika mitaa yetu mingi. Wapima wanapokuja, kila mtu anatetea mpaka wake, na ni haki yake. Lakini nimeona ramani ambazo zimekamilika kila kipande kina mwenyewe, na hakuna kilichobaki kwa ajili ya wote: mahali pa watoto kucheza mpira, pa kufungia turubai bila kuziba barabara, pa kuzikia. Wenyeviti wa mitaa, kabla bikoni haijafukiwa, itisheni mkutano mkubaliane kipande hicho, hata kama wote mtachangia kumfidia mwenye nacho. Baada ya bikoni hamtakipata tena.

Tatu, tuwe na kipimo chetu. Tusingoje ripoti ya dunia kila mwezi Machi ituambie tulivyo. Serikali ya mtaa ina rejesta ya kaya. Napendekeza iongezwe safu moja, na kila kaya iulizwe: ukipatwa na shida saa nane usiku, utagonga mlango wa nani? Asiandikwe mtu wa mkoani, aandikwe wa hapa hapa mtaani. Majibu yatatuonyesha nyumba ambazo hazina jibu. Zitakuwemo za wapangaji wapya, za wazee walioachwa na wajukuu, na nina hakika zitakuwemo chache zenye kuta ndefu. Wanafunzi wa chuo cha elimu hapo Chang'ombe wanaweza kusaidia kuhoji na kuchambua. Nimeshazungumza na walimu wenzangu wawili, wako tayari kuwapa kazi hiyo kama sehemu ya mafunzo. Tuanze na mitaa miwili tu, mmoja wa Temeke na mmoja wa Kinondoni, tukutane hapa baada ya mwaka mmoja na matokeo mkononi.

Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti. Ningeomba maswali ya mwanzo yatoke kwa akina mama wa vikoba, kwa sababu nimewataja bila kuwaomba ruhusa na wanaweza kuwa na la kunisahihisha. Na wenyeviti wawili watakaokuwa tayari kuanza, tafadhali wasiondoke kabla hatujaandikiana namba za simu.